Utomvu wa paina kwenye boneti: thina iache, spiriti isubiri

Swali la msomaji wa Mafinga: "Kamwene fundi. Nina Noah nyeusi. Wiki mbili zilizopita niliiacha siku tatu kando ya shamba la paina huku Mufindi nikisubiri mbao zangu zipasuliwe. Niliporudi, boneti na paa vimejaa matone ya utomvu. Nimeosha kwa maji na sabuni ya unga, wapi! Kijana wa kuosha magari anataka apitishe thina, shemeji yangu anasema petroli, jirani anasema nikwangue kwa wembe. Boneti ilipigwa rangi upya mwaka jana baada ya kugongwa, kwingine ni rangi ya kiwandani. Nimsikilize nani?"

Kamwene, ndugu yangu. Kwa boneti ile usimsikilize hata mmoja kati ya hao watatu. Shemeji yako ana chembe ya ukweli na nitaifikia, lakini jambo zito kuliko yote umelitaja mwishoni kama vile halina uzito: boneti imepigwa rangi upya. Maana yake gari lako limevaa rangi mbili zenye tabia mbili, na dawa itakayosafisha paa vizuri inaweza kuila boneti mbele ya macho yako.

Tuanze na hicho kilichokuangukia. Paina hutoa utomvu ili kujitibu. Tawi likipogolewa, gome likichubuliwa au mdudu akitoboa shina, mti unasukuma gundi kuziba jeraha. Ndani ya gundi hiyo mna vitu viwili vikuu. Kimoja ni tapentaini, kimiminika chepesi ambacho ndicho kinacholipa shamba lote la Sao Hill harufu yake. Kingine ni kolofoni, kitu kigumu cha rangi ya asali ambacho viwanda hukitumia kutengenezea gundi, wino na rangi. Ndiyo sababu huko huko Sao Hill utaona mashina yamechanjwa na kutegeshewa vifuko vya kukingia utomvu. Tone linapotua kwenye bati, tapentaini inaanza kuruka hewani na kolofoni inabaki. Siku ya kwanza linanata kidoleni. Baada ya wiki mbili za jua unaligonga kwa kucha linalia.

Vitu hivyo viwili havichanganyiki na maji, ndiyo maana sabuni yako ya unga imegonga mwamba. Na kwa kuwa umeitaja: iache ifue nguo. Ile ni kali kwa gari, inaondoa nta yote iliyopo juu ya rangi, na chembe zake zisipoyeyuka vizuri zinakwaruza. Tumia shampuu ya gari, au kama haipo, sabuni laini ya maji ya kuoshea vyombo kidogo tu.

Kabla hujatoa hela dukani, hakikisha kwamba yote uliyonayo ni ya paina. Sisi wa nyanda za juu tumezungukwa na miti ya kila aina na watu wanaita kila kinachonata utomvu. Mlingoti hutoa majimaji mekundu yanayoelekea kahawia; hayo yanalegea kwa maji, tatizo lake ni doa. Mwati, ile miti ya magome ya Njombe, unatoa gundi ambayo ukiifunika kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu inavimba na kuachia yenyewe. Halafu kuna kile kinachowasumbua wanaoegesha chini ya miti ya kivuli mjini Iringa na Mbeya: matone madogo madogo, mamia, yanang'aa na kunata gari zima. Mara nyingi huo si utomvu hata kidogo. Ni uchafu wa vidukari na wadudu wenzao wanaofyonza majani na kutoa sukari nyuma. Sukari inatoka kwa maji tu. Anayekimbilia spiriti kwa kitu hicho anajitafutia kazi bure.

Kipimo ni rahisi. Lowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, kilaze juu ya tone moja dakika kumi, kisha ligeuze kwa kidole. Likilegea na kuwa kama uji, ni sukari au gundi ya maji, endelea hivyo hivyo mpaka uishe. Likibaki gumu na bado linanukia paina, soma mbele.

Sasa rangi. Rangi ya kiwandani ya gari la miaka hii ina tabaka kadhaa: praima, juu yake rangi yenyewe, juu kabisa klia, yaani lile vanishi lisilo na rangi linalong'aa. Klia kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50. Unywele wa mtu una kama 70. Hicho ndicho kiasi ulichonacho cha kuchezea kwa maisha yote ya gari, na kila anayekwangua, kusugua kwa nguvu au kupiga polishi ya kukata anakipunguza. Habari njema ni kwamba klia ya kiwandani imeokwa kwenye tanuri ikashikamana, haiyeyuki tena kirahisi. Spiriti ikipita juu yake kwa dakika moja haiifanyi kitu.

Boneti ni habari nyingine. Mtaani kwetu kuna njia mbili za kupiga rangi. Fundi anayejali anachanganya rangi na klia yenye hadina, yaani dawa ya kuigandisha, ambayo ikikauka imegeuka kitu kipya, kigumu, kinachokaribia ile ya kiwandani. Fundi anayekimbizana na bei anapiga rangi ya dukoo isiyo na hadina, iliyozimuliwa kwa thina na kukauka kwa thina kuruka tu. Rangi ya namna hiyo haigeuki kamwe. Hata baada ya miaka kumi, ukiirudishia thina inarudi kuwa tope. Kijana wako wa kuosha magari angepitisha kitambaa chake mara mbili tu, angekuletea kitambaa cheusi na boneti yenye mabaka, na kwa kweli asingejua amekosea wapi, kwa sababu jana alifanya hivyo hivyo kwenye gari la mtu mwingine na halikudhurika.

Kwa hiyo thina ina kazi moja tu hapa, nayo ni kupima. Fungua boneti, tafuta upande wa ndani wa ukingo mahali ambapo rangi mpya ilifika na hapaonekani boneti ikifungwa. Chukua pamba, iguse thina kidogo, iweke hapo uhesabu mpaka kumi, kisha futa. Pamba ikitoka na rangi, au mahali pale pakawa pananata na kufifia, boneti yako haina hadina. Ikitoka safi na pale pakabaki panang'aa, una bahati, ihesabu boneti kama paa. Usipime kwenye mlango au buti ukadhani umepima boneti. Kila kipande kilichopigwa rangi kivyake kinapimwa kivyake.

Paa kwanza, kwa sababu ndilo rahisi. Vaa nguo usizojali zikiloa, lipeleke gari kivulini na usubiri bati lipoe kabisa. Bati jeusi lililokaa juani linaweza kufika nyuzi 70, na juu ya bati la namna hiyo spiriti inakauka kabla haijafanya kazi. Osha gari zima kwa maji mengi kwanza. Narudia, kwa maji mengi. Vumbi jekundu la barabara za mashambani Mufindi lina mchanga ndani yake, na rangi nyeusi haifichi mkwaruzo. Watu wengi wanaolalamika kwamba utomvu uliwaharibia rangi waliharibiwa na mchanga waliouzungusha kwa kitambaa walipokuwa wanahangaika na utomvu. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi juu ya gari.

Likishakauka, chukua spiriti. Ile ya duka la dawa inayotumika kusafishia ngozi kabla ya sindano inatosha. Ile ya mafundi wa fanicha nayo inafanya kazi, ila huwa ina methanoli, kwa hiyo usiivute puani wala usiiache watoto wanapofika. Lowesha kipande cha pamba, kilaze juu ya tone, kiache. Hapa ndipo watu wanaposhindwa. Wanalowesha, wanasugua sekunde tano, wanaona halitoki, wanaongeza nguvu. Kolofoni inayeyuka vizuri sana ndani ya spiriti lakini inataka muda, na tone la wiki mbili limekauka mpaka ndani. Acha pamba sekunde 30 hadi 60, inua, utaona ukingo wa tone umelegea na kuwa mweupe. Futa ule uliolegea kwa kuunyanyua kuelekea juu, bila kuusambaza pembeni. Lowesha pamba nyingine, rudia. Tone dogo linaisha kwa mara mbili tatu. Lile nene kama punje ya maharage litahitaji uvumilivu zaidi. Kila mara tumia upande safi wa kitambaa, kwa sababu utomvu ulioyeyuka ukikaukia kwenye kitambaa unageuka msasa.

Kwenye milango na sehemu zilizosimama, spiriti inatiririka na kuacha tone kavu. Huko tumia vitakasa mikono vya jeli, vile vilivyojaa majumbani tangu wakati wa korona. Angalia kwenye chupa kama alkoholi ni asilimia 60 au zaidi. Jeli inang'ang'ania pale ulipoipaka na kufanya kazi ile ile polepole.

Ukimaliza matone kumi hivi, osha eneo hilo kwa sabuni laini na maji kabla ya kuendelea. Usiache spiriti ikauke pamoja na utomvu ulioyeyuka. Utapata utando mwembamba wenye ukungu unaohitaji kuanza upya.

Sasa boneti, tuseme kipimo kimeonyesha haina hadina. Spiriti isubiri, kwa sababu rangi ya dukoo inaweza kulainika kwayo. Anza na mafuta ya kupikia, ya alizeti yanafaa kabisa. Paka juu ya kila tone, acha robo saa, kisha sukuma kwa kidole kilichofunikwa kitambaa laini. Kazi ni ya polepole na utaipaka tena na tena, lakini mafuta hayana ugomvi na rangi yoyote. Waliokaa na wapasua mbao wa dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao, wanaijua siri hii kwa njia nyingine: msumeno ukishikwa na gundi ya paina, unatiliwa dizeli, na mikono inasafishwa kwa mafuta ya taa. Utomvu unaogopa mafuta. Hiyo ndiyo chembe ya ukweli ya shemeji.

Kwa nini basi nisikuruhusu petroli? Kwanza inaruka haraka mno, kwa hiyo inafanya kazi kidogo na kukuachia mvuke unaoweza kushika moto kwa cheche ya mbali. Pili inakausha mipira ya vioo na kuidhuru plastiki. Mafuta ya taa ni mpole zaidi na hayana haraka. Kama mafuta ya kupikia yameshindwa matone ya mwisho, gusa tone kwa pamba yenye mafuta ya taa kidogo, dakika moja, futa, halafu osha mara moja kwa sabuni mpaka harufu iishe. Jaribu kwanza pale pale ulipopimia thina. Usiyamwage, usiyaache yakae, na yasifike kwenye mpira wala taa. Na tapentaini yenyewe, ukiipata kwa wauza rangi, inatumika vivyo hivyo. Imetoka kwenye utomvu huu huu na inaurudisha ulikotoka.

Kuhusu wembe wa jirani: mahali pake ni kioo cha mbele tu. Lowesha kioo kwa maji ya sabuni, laza wembe mpya karibu kabisa na kioo, sukuma mbele bila kurudi nyuma. Kwenye rangi, wembe unakata klia kabla hujajua. Ila kuna namna moja ya kutumia ubaridi wa kwetu. Asubuhi za Juni na Julai huko Mufindi utomvu unakuwa mkavu wa kuvunjika, na bonge lililosimama juu unaweza kulikata kichwa kwa ukingo wa kadi ya plastiki, kadi ya zamani ya simu au ya benki iliyoisha muda, ukiacha milimita moja hivi chini kwa ajili ya dawa. Usiendelee mpaka kwenye bati. Na asubuhi hiyo hiyo usije ukamwaga maji ya moto kwenye kioo chenye barafu. Kioo chenye ufa mdogo wa jiwe, na kwa njia ya Makambako ni vioo vichache visivyo nao, kinapasuka mwanzo mwisho.

Waipa zifute kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa, la sivyo mvua ya kwanza zitasambaza utomvu kioo kizima na usiku hutaona kitu. Taa za mbele ni plastiki, kwa hiyo thina, petroli na dawa ya kuondolea rangi ya kucha ni marufuku kwake. Mafuta ya kupikia yanatosha. Na ukiwa hapo mbele, toa zile sindano za paina zilizojazana chini ya waipa. Zinaziba matundu ya kutolea maji, na maji yakikosa njia yanaingia ndani.

Utomvu ukishatoka wote, angalia bati kwa kuinama ili mwanga uje kwa pembeni. Inawezekana ukaona vivuli vya matone, duara hafifu pale lilipokuwa. Tone likikauka linasinyaa na kuivuta klia, na baridi ya usiku na joto la mchana vinaongeza kuvutana huko. Isitoshe, Mafinga iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mionzi ya jua inayoua rangi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Wiki mbili za huko juu si sawa na wiki mbili za Dar es Salaam. Pitisha ukucha polepole juu ya kivuli. Usipokwama, polishi laini ya mkono kwa kitambaa safi, eneo dogo dogo, huenda ikakiondoa au kukififisha usikione tena. Ukucha ukikwama, shimo limeingia ndani na mimi ningeliacha lilivyo. Watu hawapendi kusikia hivyo, lakini alama tano ndogo kwenye paa la Noah haziozeshi bati, na kuzifukuza kwa mashine ni kumaliza klia.

Baada ya hapo paka nta gari zima, kwa sababu spiriti na mafuta ya taa vimeondoa yote iliyokuwepo. Nta haizuii utomvu kudondoka. Inachofanya ni kukaa katikati, tone likashika nta badala ya rangi, ukapata siku kadhaa za ziada za kulishughulikia. Kama biashara yako ni mbao, rudia kila miezi miwili au mitatu, na beba chupa ndogo ya mafuta ya alizeti na kitambaa ndani ya gari. Tone la siku hiyo hiyo linatoka kwa dakika mbili bila hadithi zote hizi.

Ukirudi shambani egesha pale malori yanapopakilia, kwenye uwazi, hata kama ni juani. Pabaya kabisa ni chini ya miti iliyotoka kupogolewa au kando ya inayokatwa. Turubai la kufunikia silipendi kwa maeneo yale: vumbi linaingia chini yake, upepo wa Mufindi unalitikisa, na usiku kucha linasugua.

Ikifika siku ukaamua boneti ipigwe tena, kwa sababu kipimo kimeonyesha ni dukoo na umechoka kuibembeleza, usianze kwa kuuliza bei. Muulize fundi anatumia klia gani na hadina gani, na umwombe uone makopo kabla hajafungua. Akikwambia hadina ya nini wakati rangi yake inakauka nusu saa bila hiyo, chukua ufunguo wako uondoke.